Maji ya Uchochoro wa Nyuma

Kila asubuhi, kabla hajakanda unga wa arepa, vile vimikate vya mahindi, Rubiela aliingia chumbani kwa mama yake na kupapasa ukuta. Mvua za Oktoba zilikuwa zimeanza. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelowa mpaka usawa wa kiuno. Rangi ilikuwa imevimba na kubanduka. Chini ya kitanda kulikuwa na dimbwi.

"Leo hali gani?" aliuliza mama yake, Etelvina, akiwa bado amejifunika blanketi.

"Leo afadhali, mama."

"Muongo wewe. Kandambili zangu zinaogelea."

Kisha mama akakohoa. Kikohozi hicho ndicho kilichomnyima Rubiela raha. Daktari wa kituo cha afya alikwisha sema kwamba unyevu ule utamrudisha mama hospitali. Na chumba kingine cha kumlaza hakikuwepo.

Nyumba yao ilikuwa mlimani, upande wa mashariki wa Medellín, ambako nyumba zimejengwa moja juu ya bega la nyingine. Nyuma yao, hatua chache juu, aliishi Marleny na wajukuu wake wawili. Uwanja wa Marleny ulishikiliwa na ukuta mrefu wa mawe. Kati ya ukuta huo na chumba cha mama palikuwa na uchochoro wa kupita mtu mmoja kwa ubavu. Etelvina alikuwa ametega mti wa ufagio humo, kutoka ukuta mpaka ukuta, na juu yake aliyaanika matambara yake.

Marleny hakuwa jirani tu. Alikuwa amemsimamia ubatizo Leidy, binti wa Rubiela. Tangu siku ile wanawake hao wawili waliitana komadre. Waliazimana chumvi, sufuria na hata viatu. Lakini mwezi ule walikuwa wakisalimiana kwa kidevu.

Mambo yalianza Julai, wakati wa kiangazi. Rubiela na mumewe Arnobio waliondoa paa lao la mabati, wakamwaga slabu ya zege. Leidy alikuwa anaolewa, na slabu hiyo ingekuwa sakafu ya nyumba yake, juu ya nyumba ya wazazi. Kazi ilifanywa kwa ujima, siku ya Jumapili. Arnobio kazi yake ilikuwa kupaka rangi majumba ya watu, lakini mtaani kwao kila mwanamume ni fundi mwashi ikifika Jumapili. Ndoo za zege zilipita mkono kwa mkono. Marleny mwenyewe alipika sankocho, sufuria nzima ya kuku, ndizi na mihogo.

Jioni Arnobio aliweka pimamaji juu ya zege. Kiputo kilikaa katikati kabisa.

"Njooni mwone," aliita. "Sawa kama meza. Leidy hatatafuta kigae cha kuegemeza kitanda."

Watu walipiga makofi. Nondo za nguzo ziliachwa zimechomoza juu, zikisubiri ghorofa ya Leidy, na kila nondo ilivishwa chupa tupu ya soda isishike kutu. Upande wa mbele Arnobio alijenga ukingo mdogo wa saruji, ili maji yasiwadondokee wageni mlangoni. Slabu ilipendeza. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake.

Mwezi huohuo Marleny alisakafia uwanja wake kwa saruji. Kwa hiyo mvua zilipokuja na chumba cha mama kikalowa, Rubiela hakuhitaji kufikiri sana. Alimvizia Marleny kwenye ngazi.

"Komadre, maji yako yanamlaza mama yangu kwenye dimbwi."

"Maji yangu? Maji yangu yana mtaro, yanakwenda barabarani. Kaangalie."

"Na yale yanayotoka kwenye matundu ya ukuta wako ni ya nani? Ya askofu?"

"Yale yanatoka mlimani. Yalikuwepo hata kabla hujahamia hapa."

"Kabla sijahamia hapa hukuwa na sakafu ya saruji."

"Na wewe hukuwa na paa la kujionyesha," alisema Marleny, akaingia kwake.

Neno hilo lilimchoma Rubiela. Alimpelekea mumewe lilivyo, na kuongeza chumvi kidogo. Jumapili asubuhi Arnobio alikoroga saruji kwenye ndoo, akaingia uchochoroni.

"Unafanya nini?" Rubiela aliuliza.

"Naziba matundu yote. Maji yake yabaki kwake."

"Una hakika lakini?"

"Maji yanatoka wapi? Kwenye tundu. Ukiziba tundu, yatatoka wapi? Hesabu hiyo hata mtoto anaijua."

Alianza na matundu ya safu ya chini, akamaliza na ya juu. Alilainisha kila kiraka kwa mwiko, kwa madaha kabisa. Rubiela alimshikia ndoo.

Siku mbili mvua haikunyesha, na Arnobio alitembea kifua mbele. Siku ya tatu ilinyesha alasiri nzima. Matundu hayakutoa hata tone. Lakini kandambili za Etelvina ziliogelea vilevile.

"Ana njia nyingine huyo," Arnobio alisema. "Nitaipata tu."

Juu nako mambo hayakuwa mazuri. Mlango wa jiko la Marleny ulianza kukwama. Kisha ufa ulitokea kwenye sakafu yake mpya, karibu na karo la kufulia. Marleny alisimama ukingoni mwa uwanja akapaza sauti.

"Huo mzigo wa zege mliobandika huko chini ndio unaotikisa nyumba yangu. Mungu anawaona."

"Na wewe anakuona," Rubiela alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani. Alikuwa akishona suruali za jinzi za kiwanda, na siku hiyo alikosea mishono kwa hasira.

Aliyechoka kabla ya wote ni Etelvina. Asubuhi moja alishika simu ya Rubiela bila ruhusa, akampigia Yamile. Yamile alikuwa akiuza mayai mtaani, na pia alikuwa mjumbe wa kamati ya tahadhari ya mvua. Miaka ya nyuma, katika mtaa mwingine, mlima ulikuwa umeibeba nyumba yake. Tangu hapo alihudhuria kila mafunzo ya kamati. Watu walimwona mkali, na alikuwa mkali kweli.

Alifika kabla ya saa sita, amevaa mabuti ya mpira. Arnobio alikuwa kazini. Mawingu meusi yalikuwa yamekaa juu ya mlima.

"Ukuta nitautazama baadaye," alisema Yamile. "Kwanza niambieni. Maji haya huja mvua ikinyesha tu, au hata siku kavu?"

"Mvua tu," alisema Rubiela.

"Basi si bomba lililopasuka. Bomba bovu halisubiri mvua. Na huja lini? Mvua ikianza, au imekwisha nyesha sana?"

"Ikianza tu," Etelvina alijibu. "Sijamaliza hata kufunga dirisha."

"Maji yanayopita kwenye udongo huchelewa. Yanayowahi hivyo yametoka karibu, juu ya kitu kigumu."

"Sakafu ya Marleny," alisema Rubiela. "Si nilisema mimi?"

Yamile aliingia uchochoroni kwa ubavu, akasimama ghafla mbele ya mti wa matambara.

"Mama Etelvina, huu mti uliuweka umepinda hivi?"

"Hapana, mwanangu. Ulikuwa umenyooka, tena ukicheza. Kila Jumamosi nauchomoa naupangusa. Wiki hii nimevuta mpaka mkono ukaniuma. Hautoki."

Rubiela alichungulia. Mti ulikuwa umebanwa kati ya kuta mbili, umepinda kama upinde. Ukuta wa Marleny ulikuwa umetoa kitambi. Nyumba yao haikuwa imesogea. Ukuta ndio uliokuwa unakuja.

Yamile alirudi nyuma polepole, bila kugusa kitu.

"Ukuta kama huu lazima uwe na matundu," alisema kwa sauti ya chini. "Mlima hunywa mvua, na maji yanajaa nyuma ya mawe. Matundu ndiyo yanayoyatoa. Yasipotoka, yanasukuma. Matundu ya ukuta huu yako wapi?"

Etelvina alimtazama binti yake. Rubiela alitazama vile viraka laini vya saruji. Angeweza kusema hajui. Marleny hakuwa ameona, na Arnobio hakuwepo.

"Tuliyaziba," alisema. "Ili maji yabaki kwake."

Yamile aliinua macho kuelekea uwanja wa Marleny.

"Nani yuko juu sasa hivi?"

"Marleny. Na mjukuu mdogo."

"Mimi namtoa mama na kuwapigia wazimamoto. Wewe panda ukamtoe Marleny. Mvua ikianza kabla hawajatoka, uwanja wao unaweza kushuka na kuingia chumbani humu, na wao wakiwa juu yake."

Rubiela alipanda ngazi. Marleny alikuwa jikoni, akisukuma mlango kwa bega. Mjukuu alikuwa amekaa sakafuni, anacheza na vifuniko vya sufuria.

"Umekuja kunitukana ndani kwangu leo?"

"Komadre, mchukue mtoto mtoke. Ukuta unaanguka."

"Mara maji yangu, mara ukuta wangu. Leo unataka niihame nyumba kabisa. Kesho utataka nini?"

"Nisikilize, nakuomba."

"Nimekusikiliza mwezi mzima. Mtaa mzima umekusikiliza."

Tone la kwanza lilipiga bati la jiko. Kisha la pili. Rubiela aliona ufa sakafuni. Ulikuwa umepanuka kiasi cha kuingia kidole. Aliona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi.

"Ukuta wako hauna kosa," alisema. "Ni sisi. Arnobio aliziba matundu, na mimi nilimshikia ndoo. Maji yamejaa nyuma ya ukuta yanausukuma. Nitusi utakavyo, lakini nitusi ukiwa nje."

Marleny hakutukana. Alimwinua mtoto kwa mkono mmoja, akaokota picha ya marehemu mumewe kwa mkono mwingine, akapita. Walipofika kwenye ngazi mvua ilikuwa imekolea.

Wazimamoto walifika. Arnobio naye alifika akihema, bado ana rangi mikononi. Walimzuia kuingia uchochoroni.

"Asikae mtu mbele ya ukuta," alisema mkubwa wao. "Wewe tuonyeshe tu yalipokuwa matundu."

"Lile la juu, pale penye weupe," alisema Arnobio. "Na lile linalofuata. Yote niliyaziba mimi."

Walisimama pembeni na mtarimbo mrefu, wakagonga kiraka cha kwanza cha safu ya juu. Kilipotoka, maji mekundu ya udongo yaliruka kwa nguvu na kupiga ukuta wa chumba cha mama. Watu waliokuwa kwenye ngazi walirudi nyuma. Likafunguliwa la pili, la tatu, kisha ya chini. Maji yalitoka muda mrefu. Ukuta haukuanguka. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kulala nyumba zile mbili, na kesho yake mafundi wa mji waliuegemeza kwa magogo.

Etelvina, Marleny na wajukuu walihifadhiwa kwa jirani mmoja, chumba kimoja. Etelvina alisema Marleny anakoroma kama lori. Marleny alisema bora lori kuliko kikohozi. Rubiela alisikia mzaha huo akiwa mlangoni na sahani ya maharage, akashindwa kuingia. Alitamani kulia.

Mvua ilipopumzika, Yamile alirudi.

"Ukuta tumeuelewa," alisema. "Bado hatujajua maji ya chumba cha mama yanatoka wapi. Msianze tena kuoneana. Tutayauliza maji yenyewe. Rubiela, una rangi?"

Rubiela alikuwa nayo. Alitumia unga wa rangi kurekebishia jinzi zilizopauka. Alileta wa buluu na wa rangi nyekundu.

"Tunapima mahali pamoja, halafu pengine," alisema Yamile. "Tukimwaga kote kwa pamoja tutabaki na ubishi tu. Mwekundu uwe wa Marleny."

Walimwaga ndoo za maji mekundu kwenye uwanja wa juu, mbali na ufa. Maji yalikimbilia mtaroni, yakashuka barabarani. Uchochoroni hapakutokea kitu. Marleny alikunja mikono kifuani.

Kisha wakamwaga ndoo moja juu ya ufa wa karo. Walisubiri. Walikunywa maji ya moto ya sukari guru, wakasubiri tena. Baadaye tundu moja lilianza kudondosha maji yenye wekundu hafifu.

"Hilo ndilo fungu lako," Yamile alimwambia Marleny. "Ni kidogo, lakini yanaingia nyuma ya ukuta. Ufa uzibwe, na karo lihamishiwe upande wa mtaro."

"Litahama," alisema Marleny.

"Sasa buluu. Twende kwenye slabu."

"Slabu?" Arnobio alicheka. "Ile iko sawa kama meza. Nililaza pimamaji mwenyewe, watu wakaona."

Yamile alitoa chungwa mfukoni, akaliweka katikati ya slabu. Chungwa halikuyumba.

"Umeona?" alisema Arnobio.

"Nimeona. Na maji yatakwenda wapi, ikiwa hata chungwa halijui pa kwenda?"

Akamwaga ndoo ya buluu, kisha nyingine. Maji yalitanda. Mbele yaligonga ule ukingo wa saruji uliojengwa kwa ajili ya wageni. Yalirudi. Yalifika ukingo wa nyuma, ambako hapakuwa na kizuizi wala gata la kukinga maji, yakadondoka uchochoroni. Kutoka chini ilisikika sauti ya Etelvina, aliyekuwa amegoma kukosa tamasha.

"Yameingia! Chumba changu kimekuwa bahari."

Walishuka mbio. Chini ya kitanda kulikuwa na dimbwi la buluu.

Arnobio alikaa kwenye kizingiti na kushika kichwa.

"Paa la mabati lililala kuelekea barabarani," Yamile alimweleza, safari hii bila ukali. "Maji yote yalikwenda mbele. Mlimwaga slabu kama sakafu, na sakafu ni sawa kuwa tambarare. Lakini mpaka Leidy ajenge, hiyo ni paa. Paa lazima lilale upande mmoja. Kila ukibadilisha kitu nyumbani, paa, uwanja au ukuta, jiulize kwanza maji yatapita wapi."

"Sote tulipiga makofi," alisema Arnobio.

"Hata mimi nilipiga," alisema Marleny. "Tena nilipika."

Rubiela alimgeukia. Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu siku ya wazimamoto yalipotea yote.

"Komadre, nilikuchafua mtaa mzima."

"Mtaa mzima," alikubali Marleny.

"Nitapita mlango kwa mlango nikanushe."

"Usijisumbue. Wewe sema dukani tu, watazipata habari kabla ya chakula cha mchana." Midomo yake ilicheza kidogo. "Nilikasirika sana, Rubiela. Nimekasirika bado. Lakini ulipanda zile ngazi."

Ujima wa pili ulifanyika baada ya mafundi wa mji kusema ukuta unaweza kuguswa. Sehemu iliyotoa kitambi ilibomolewa na kujengwa upya. Nyuma yake walijaza kokoto ili maji yashuke kwa urahisi, na katika kila tundu waliweka kipande cha bomba chenye wavu nyuma. Juu ya slabu Arnobio alitandaza tabaka la saruji lenye mteremko kuelekea barabarani. Alivunja ukingo wa mbele kwa nyundo yake mwenyewe, akafunga gata na bomba la kushusha maji mpaka mtaroni. Hakulaza pimamaji kabla hajaweka kipande cha mbao chini ya ncha moja, ili mteremko usipotee. Karo la Marleny lilihama. Sankocho safari hii alipika Rubiela. Marleny alionja, akaongeza chumvi bila kuomba ruhusa.

Mvua kubwa ilikuja siku chache baadaye, saa ya kuanua nguo. Rubiela aliacha cherehani na kukimbilia chumba cha mama. Marleny alikuwa ameshuka na mfuko kichwani wa kujikinga mvua, naye amekuja kuangalia. Walisimama wote watatu dirishani. Gata lilivuma kuelekea barabarani. Uchochoroni, mabomba madogo ya ukutani yalianza kudondosha, moja baada ya jingine, taratibu. Sauti hiyo Rubiela aliichukia mwezi mzima. Sasa alikuwa akiisubiri, na bomba la mwisho lilipoanza kutoa maji, alishusha pumzi.

"Chini ya kitanda?" aliuliza Marleny.

Etelvina aliingiza mguu na kutoa kandambili. Ilikuwa kavu, na soli yake bado ilikuwa na buluu.

Kesho yake alitega mti mpya wa matambara kati ya kuta mbili. Tangu siku hiyo Rubiela hapapasi tena ukuta asubuhi. Anafungua dirisha la nyuma, ananyoosha mkono, anautikisa ule mti. Ukicheza, anakwenda kukanda unga wa arepa.